Fungu la Mpekuzi

Asubuhi ile Inspekta alishindwa na kuku.

Wala hakuwa kuku wa maajabu. Alikuwa kuku mwekundu wa mama yake, mwenye kishungi kilicholalia jicho moja, ambaye kwa siku tisa sasa alikuwa anataga kusikojulikana. Inspekta alimnyatia kutoka bandani hadi nyuma ya pipa la maji, kutoka pipani hadi kwenye rundo la matofali, kutoka hapo hadi uani kwa jirani. Kila walipofika mahali kuku alisimama, akachakura kwa miguu yote miwili, akarudi hatua mbili nyuma, akatazama alichokifukua, akadonoa, kisha akaendelea na safari kama mtu aliyetumwa dukani. Mwishowe akarudi bandani. Yai hakuna.

"Miaka thelathini na mbili ya upolisi," mama yake akasema kutoka kizingitini, kikombe cha chai mkononi, "na kuku anakuburura mtaa mzima."

"Mama, huyu ananizungusha makusudi."

"Si anakuona! Kuku anayetaga nje hafuatwi akienda, mwanangu. Unamwacha ajiendee. Akishataga atapiga kelele mwenyewe, na hapo ndipo unatazama anakotoka. Wewe ugonjwa wako ni kukimbilia mbele." Mama akanywa chai. "Na hiyo kesi yako ya makaratasi umefika wapi?"

"Pale pale kwa kuku."

"Basi nenda kazini, mimi niachie huyu."

Inspekta alikuwa mwanamke aliyestaafu miaka miwili iliyopita, lakini cheo kilikataa kustaafu. Mtaa mzima ulimwita Inspekta, hata muuza nyanya. Ila wale aliowahi kuwakamata, pamoja na ndugu zao, walimwita Mpekuzi, na jina hilo hakulipenda hata chembe. Mpelelezi ni kazi, alizoea kusema. Mpekuzi ni tabia mbaya. Sasa angalia mambo yanavyokwenda: katika kesi zote zilizopo duniani, aliyoletewa wiki hiyo na Nyumba ya Kamusi ilikuwa ya kutafuta neno hilo hilo.

Nyumba ya Kamusi ilikuwa jengo la ghorofa moja nyuma ya posta, lenye ngazi za mbao zinazolia kila unapokanyaga. Juu kulikuwa na chumba cha kadi. Humo ndimo kamusi kubwa ilimokuwa ikipikwa kwa karibu miaka thelathini: makabati ya mbao kutoka sakafuni hadi juu ya kichwa, droo mia mbili na arobaini, kila droo na kipini cha shaba na kibandiko cha herufi zake. Ndani ya droo, kadi. Kila kadi ilibeba neno moja, sentensi moja ambamo neno hilo lilisikika, jina la aliyelisema na tarehe. Kadi za neno moja zilifungwa pamoja kwa uzi mweupe, zikaitwa fungu.

Fungu la neno "mpekuzi", kadi saba, halikuwepo.

Lilijulikana halipo Jumatatu asubuhi, Mhariri Mkuu alipolihitaji ili afunge kurasa za herufi M zipelekwe kiwandani. Droo ilikuwa imefungwa kwa ufunguo, kitasa chake hakijaguswa, na fungu limeyeyuka. Mtunza kadi alikuwa mmoja tu, mama wa miaka hamsini na tisa ambaye kila mtu alimwita Bi Kadi. Huyu alikuwa amegombana na Mhariri Mkuu mara mbili hadharani. Mara ya kwanza ni pale walipotangaza kwamba kadi zote zitaingizwa kwenye kompyuta na makabati yaondolewe. Akasimama kikaoni akasema siku wakizitupa kadi zake wamtupe na yeye. Mara ya pili ni kuhusu asili ya neno hilo hilo. Mhariri Mkuu akajumlisha moja na moja, akapata Bi Kadi. Akamnyang'anya ufunguo, akamkataza kugusa droo yoyote, akaitisha kamati. Kamati ilikuwa ikae leo Alhamisi saa nane mchana. Fungu lisipoonekana kabla ya hapo, Bi Kadi angefukuzwa kwa kuficha mali ya ofisi, miezi mitano kabla ya kustaafu, baada ya miaka ishirini na tisa bila kupoteza hata kadi moja.

Saa tatu na robo Mhariri Mkuu alimngoja Inspekta chumbani humo. Alikuwa mrefu kiasi kwamba hakuhitaji ngazi kuifikia safu ya juu ya droo. Suti ya kijivu, tai, miwani inayoning'inia kwa kamba shingoni. Na chini, lo, kandambili, na kidole gumba cha mguu wa kulia kimefungwa bendeji.

"Pole na mguu," Inspekta akasema.

"Kucha tu. Umepata nini?"

"Nimepata usingizi mdogo. Nionyeshe tena hilo pengo."

Mhariri Mkuu akachomeka ufunguo kwenye droo ya juu kabisa, akaivuta polepole, kiganja cha mkono wa kushoto kikiikinga kwa chini. Akaiteremsha mezani. "Hapa. Kabla yake ni mpasuko, baada yake ni mpelelezi. Katikati hewa."

"Funguo ziko ngapi?"

"Mbili. Wa Bi Kadi, ambao sasa ninao mimi, na wangu. Wangu unakaa kwenye meza yangu, na meza yangu haiguswi na mtu."

"Na mliyogombania kuhusu neno ni nini hasa?"

Akavuta pumzi kama mtu anayeombwa kurudia hotuba. "Asili yake. Bi Kadi anashikilia kwamba mpekuzi ametoka kwa kuku. Kuku! Kwamba kupekua ni kule kuchakura taka kwa kucha. Mimi nasema mpekuzi ni mtu anayechungulia yasiyomhusu, tunaandika maana hiyo, na kwenye asili tunaandika 'haijulikani wazi'. Kamusi hii itasomwa na maprofesa, Inspekta. Siwezi kuwafungulia banda la kuku."

"Kadi zake zinathibitisha kuku?"

"Ndivyo anavyodai."

"Sasa azifiche za nini, kama zinamtetea?"

"Ili aseme tazameni, mashine zenu hazijafika na tayari vitu vinapotea. Mama yule ana kiburi cha ajabu." Akatazama saa. "Saa nane kamili."

Akatoka, kandambili zikipiga sakafu, kap, kap, hadi ofisini kwake.

Inspekta akafungua daftari lake. Kwa siku mbili alikuwa ameandika majina ya watu wanaoweza kulitaka fungu lile, na kila jina alilifuata hadi mwisho. Wachapishaji wengine wawili walimcheka waziwazi. Jina lililobaki ni Fundi wa Kompyuta, kijana mwenye miwani minene aliyekuwa anaingiza kadi kwenye mashine chumba cha pili, na ambaye juzi mtu alimwona akitoka na begi limevimba.

Fundi hakungoja kuulizwa. Alilimwaga begi lote mezani. Kadi zilianguka kwa mamia, na pamoja nazo vijikadi vya kijani.

"Hivi vya kijani ni nini?"

"Hizo tunaziita 'nimechukua'. Ukitoa kadi kwenye droo, pale ulipoitoa unaacha kijani: jina lako, umechukua nini, kwa nini, siku gani na saa ngapi. Na nakala unabaki nayo wewe. Hesabu, Inspekta. Kila kadi iliyomo humu ina nimechukua yake."

Inspekta akahesabu nusu saa nzima. Hakuna iliyopungua.

"Hujawahi kusahau?"

"Nani, mimi?" Fundi akashika kifua. "Wiki yangu ya kwanza nilichukua kadi moja tu, nikaenda nayo dirishani kwenye mwanga. Dirishani, Inspekta, hatua nne! Yule mama akanisimamisha, akaniambia andika. Humu ndani kila mtu anaandika. Dereva akiazima kiti anaandika."

"Kila mtu?"

"Sisi wafanyakazi wote."

Inspekta akalikata jina la Fundi. Daftari likabaki halina jina hata moja, na saa ya ukutani inasema saa tano kasoro dakika kumi. Ukweli usemwe, hapo alichoka. Akarudi chumba cha kadi, akamwita Bi Kadi.

Bi Kadi aliingia na boksi la karatasi mikononi. Alikuwa mfupi, wa kumfika Inspekta begani, na aproni yake ya bluu ilikuwa na mifuko minne. Ndani ya boksi mlikuwa na kikombe, sweta, na picha ya wajukuu.

"Unakwenda wapi na hivyo?"

"Napunguza kazi ya saa nane, dada. Sitaki nipakie vitu vyangu watu wakiwa wamesimama wananitazama." Akaliweka boksi chini. Akaingiza mikono mifukoni. "Niulize unachouliza. Sijalichukua."

"Leo siulizi umelipeleka wapi. Nirudishie droo hii mahali pake, halafu uifungue kama unavyoifungua kila siku."

"Nimekatazwa kugusa."

"Gusa. Nitabeba mimi lawama."

Bi Kadi akavuta ngazi yake ndogo ya vidato vitatu, akapanda, akairudisha droo. Akatulia kidogo kama mtu anayemsalimia rafiki. Kisha akaivuta: mkono wa kulia kwenye kipini, kiganja cha kushoto kikiikinga kwa chini.

Inspekta akasimama wima. "Kwa nini unaweka mkono chini?"

"Hii haina kizuizi. Kilivunjika zamani, wakawa wanaahidi fundi wa mbao mpaka leo. Ukiivuta kama zile nyingine inakujia yote, inakuangukia miguuni."

"Nani anajua?"

"Mimi. Na kila niliyemwambia. Mtu akija kwangu kuandika nimechukua ya droo hii, namwambia hapo hapo, weka mkono chini, baba, itakuua."

"Na asiyeandika nimechukua?"

Bi Kadi akamtazama kutoka juu ya ngazi. "Humu hakuna asiyeandika," akasema, kisha akajisahihisha. "Yaani... sisi wafanyakazi wote tunaandika."

Maneno yale yale ya Fundi. Inspekta akaikumbuka sauti ya mama yake kizingitini: akishataga atapiga kelele mwenyewe, tazama anakotoka. Nani alipiga kelele Jumatatu asubuhi? Tangu Jumanne yeye alikuwa anakimbiza watu wanaoweza kwenda na fungu, wala hakugeuka kutazama kelele ilikotoka.

Alipiga hatua mbili nyuma. Kisigino chake kikaingia kwenye kishimo.

Akainama. Sakafu ya mbao iling'aa kwa nta, lakini hapo, mbele ya kabati, palikuwa na kovu la pembe tatu, mbao yake nyeupe na mpya. Pembe ya droo ingeingia kwenye kovu hilo sawasawa. "Sakafu hupigwa nta lini?"

"Kila Ijumaa jioni." Bi Kadi alikuwa ameshuka, ameinama pembeni yake. "Ijumaa iliyopita kovu halikuwepo! Mimi ndiye huwa nafunga mlango nyuma ya mama wa usafi. Jumatatu sikuingia hata ndani, ufunguo wangu ulichukuliwa mlangoni."

"Kwa hiyo ni Jumamosi au Jumapili. Ngoja."

Alishuka ngazi zinazolia, mpaka kwa Mlinzi, mzee mwenye redio isiyozimwa.

"Mzee wangu, Jumamosi na Jumapili nani aliingia humu?"

"Hakuna mtu." Akageuza daftari la wageni. Kurasa nyeupe. "Umeona? Hakuna mtu."

"Hata mmoja?"

"Hakuna mtu, mama. Ni bosi tu alipita Jumamosi asubuhi."

"Mbona hujamwandika?"

Mlinzi akashangaa kwelikweli. "Bosi? Bosi anaandikwa?"

"Alitoka vipi?"

"Alitoka anachechemea. Nikamwambia pole, akasema ngazi."

Mhariri Mkuu alikuwa amesema kucha. Inspekta akaandika vyote viwili, ngazi na kucha, kimoja chini ya kingine, akapanda juu akiruka vidato viwili viwili, mtu mzima na magoti yake.

Lakini kujua nani aliiangusha droo si kulipata fungu. Mhariri Mkuu hakuwa mwizi. Angeiba kitu chake mwenyewe ili iweje? Na alionekana kuamini kabisa anachosema. Inspekta akaileta droo kwenye mwanga wa dirisha, na safari hii hakutazama pengo. Alitazama kadi zilizobaki, moja baada ya moja, tangu ya kwanza.

"Hii vipi?" akasema. "Imegeuka. Na hii."

Kadi tano, hapa na pale, zilitazama nyuma. Bi Kadi akatoa mguno kama aliyekanyagwa.

"Kinyumenyume, kwenye droo yangu? Bora nije kazini na gauni ndani nje."

"Lakini mpangilio wa alfabeti umekosewa?"

Bi Kadi akapitisha kidole, midomo ikicheza. "Haujakosewa. Hata moja."

"Basi sikiliza. Droo imeanguka, kadi zimetapakaa. Mimi ningezizoa zote nikazirundika mezani nikakimbia. Mwizi vilevile. Mlinzi vilevile. Ni mtu wa kamusi peke yake ambaye atapiga magoti Jumamosi, kidole kinavuja damu, azipange zote kwa alfabeti kabla hajaenda kutafuta dawa."

"Ndivyo," Bi Kadi akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alitabasamu kidogo. "Huo ni ugonjwa wetu."

"Na hizi zilizogeuka, mbona nyuma zimeandikwa? Hapa nasoma 'sinia'. Hapa 'mwiko'."

"Aa, hizo za zamani. Nilipoanza kazi karatasi ziliadimika. Tukapewa kadi za watu waliotaka kutunga kamusi ya vyombo vya jikoni wakaishia njiani. Tukaandika upande wa pili. Upande wa vyombo tulikata mstari wa penseli, ila penseli na miaka, unajua tena, imefutika."

Inspekta akaishika kadi ya mwiko, akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma. Mbele neno la kamusi, nyuma chombo cha jikoni.

"Hizi tano aliziona upande wa neno, akazichomeka kinyume tu. Fungu la mpekuzi lilifungwa kwa uzi. Likianguka kifudifudi, kadi ya mwisho inakuwa juu, mgongo wake ndio unaosomeka. Mtu wa kamusi aliyepiga magoti, miwani imening'inia shingoni, anaokota fungu, anasoma neno lililo juu. Analiweka wapi?"

Bi Kadi akageuka kuyatazama makabati mengine.

"Analipeleka kwenye droo yake," akanong'ona. "Anadhani lilianguka kutoka droo nyingine. Analirudisha kwao."

"Kadi ya mwisho ya fungu lile, mgongoni iliandikwa chombo gani?"

"Kadi ya mwisho ndiyo ya zamani kuliko zote. Niliiandika mimi, siku ya tatu kazini." Alifumba macho. Nje mtu alikuwa anapiga misumari, akaacha, akaanza tena. Bi Kadi akasogeza vidole hewani kama anayegeuza kitu chepesi. "Ungo," akasema. "Niliigeuza nikacheka. Ungo."

Droo ya UN, ambayo kama nyingine mchana iliachwa bila kufungwa kwa ajili ya kazi ya Fundi, ilikuwa safu ya pili kutoka chini. Inspekta alipiga goti, akaivuta. Unga, ungama, na hapo hapo, baada yao, fungu la uzi mweupe lililovimba kidogo kuliko mengine.

Bi Kadi akanyoosha mkono.

"Usiguse," Inspekta akasema, akaisukuma droo ndani kwa kiganja. "Aliyeliweka alitoe mwenyewe."

"Dada, saa ngapi sasa?"

"Saa sita na nusu. Kaa chini, unywe maji. Kikombe unacho."

Mhariri Mkuu aliitwa, akaja na faili la kamati kwapani. Inspekta hakumzungusha.

"Jumamosi uliingia humu."

"Ofisi ni yangu."

"Hakuna anayebisha. Mlinzi hakukuandika, nimechukua hukuacha, na mimi sikukuuliza, maana nilikuwa nauliza watu wengine wote. Asubuhi ya leo uliivuta droo hii mkono mmoja chini. Nani alikufundisha?"

Mhariri Mkuu akatazama mkono wake wa kushoto. Kisha akatazama kidole cha mguu.

"Hiyo droo," akasema mwishowe, "nusura inikate mguu."

"Kwa nini hukusema?"

"Nikaseme nini? Kwamba Mhariri Mkuu ameangusha herufi M?" Sauti ilishuka. "Nilikuja kutazama kadi za mpango, kwa ajili ya hotuba. Nilizipanga zote, Inspekta. Saa mbili nimepiga magoti. Nilihakikisha."

"Ulipiga magoti na miwani shingoni. Fungua droo ya UN, tafadhali. Soma ungo."

Alipiga goti kwa shida. Alilitoa fungu, akasoma juu yake, "Ungo," akavaa miwani, akaligeuza. Masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi.

"Jamani," akasema. "Jamani, Bi Kadi."

Bi Kadi alikuwa ameshika ukingo wa kabati kwa mikono yote miwili.

Mhariri Mkuu akafungua uzi. Akasoma kadi ya zamani kwa sauti, pengine kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Mwandiko ulikuwa wa mtu mgeni kazini, wa duara, wenye adabu nyingi. "'Mpekuzi. Kuku ndiye mpekuzi wa kwanza. Hupekua, hurudi nyuma, hutazama alichokifukua. Binadamu tumemwiga yeye, ila wengi wetu tumesahau kurudi nyuma.' Aliyesema: bibi yangu, akilisha kuku."

"Kuku," Inspekta akasema.

"Kuku," Mhariri Mkuu akakubali, kwa sauti ndogo sana kwa mwili ule. "Itaandikwa kuku." Akajikohoza. "Bi Kadi, nimekukosea. Nimekudhalilisha mbele ya watu, na mbele ya watu nitaomba radhi. Naenda kuwaambia kamati hakuna kikao."

"Bado," Bi Kadi akasema.

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa kijikadi cha kijani na kalamu.

Mhariri Mkuu alikipokea kile kijikadi, akainama, akaandika akitumia kabati kama meza. Jina lake lote. Droo. Sababu. Siku. Akamkabidhi.

Bi Kadi alisoma taratibu, mstari kwa mstari. "Umesahau saa."

Akaandika saa.

"Na hapa kwenye sababu umeandika 'kutazama'. Ongeza 'nikaiangusha'."

Akaongeza. Bi Kadi akakichomeka kijani mahali pake kwenye droo, akapanda ngazi yake, akairudisha, akashuka. Akamnyooshea Mhariri Mkuu kiganja kitupu, akingoja. Mhariri Mkuu hakuelewa haraka, kisha akaelewa, akautoa mfukoni ufunguo aliomnyang'anya na kuuweka kiganjani pale. Ndipo Bi Kadi akalia, kilio kifupi cha kelele, akajifuta kwa aproni, akasema, "Haya, nendeni zenu mnanichafulia sakafu," na kandambili zikaondoka, kap, kap, kuelekea kwenye kamati.

Simu ya Inspekta ikalia. Mama.

"Nimeyapata! Nilikaa na chai yangu, nikamsikia anatetea, nikatazama anakotoka. Mayai tisa, mwanangu. Unajua yalikuwa wapi? Stoo, kwenye lile sanduku la sare zako ulilolisahau wazi. Amelalia kofia yako ya polisi!"

Inspekta alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi ya vidato vitatu. Ilibidi amsimulie Bi Kadi yote, kuanzia pipa la maji. Bi Kadi alicheka pia, huku akitoa kikombe chake kwenye boksi na kukirudisha juu ya kabati, pale palipobaki duara la miaka mingi. Kisha akavuta kadi moja mpya, nyeupe pande zote mbili, akaandika juu yake "Mpekuzi".

"Hii itakuwa ya nane. Nipe sentensi, dada. Isiwe ya uongo."

Inspekta alifikiri. "Mpekuzi alizunguka mtaa mzima akitafuta mayai, na kuku ameyatagia kwenye kofia yake."

Bi Kadi akaandika kwa mwandiko ule ule wa duara, uliokuwa umekomaa kidogo tu. "Aliyesema? Niandike Inspekta?"

"Hapana," akasema. "Andika Mpekuzi."